Mwenye Kuku

Daftari lenyewe ni la kawaida, yale ya shule yenye tebo ya kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Kona yake moja imetafunwa. Nilipouliza, binti mwenye daftari alinionyesha mtafunaji kwa kidevu: mbuzi jike wa rangi ya kahawia, masikio yamelala, amesimama kwa miguu ya nyuma akichungulia juu ya mbao za banda kama mtu anayesubiri barua. Anaitwa Penseli. Siku alipozaliwa, binti alikuwa ametumwa dukani kununua penseli, akazubaa njiani, na aliporudi mbuzi mama alikuwa ameshamaliza kazi peke yake.

Ndani, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Jina. Mwenye. Kupandishwa. Kuzaa. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, imeandikwa "Mambo". Kwenye mstari wa Penseli nilisoma: mwenye, mimi, kupandishwa, 2 Aprili, kuzaa, 30 Agosti. Nikahesabu kimoyomoyo. Siku 150 kamili.

"Nani kakufundisha kuhesabu hivi?"

"Babu. Ila Babu anahesabu miezi ya angani, mitano. Mimi nahesabu kwenye kalenda ya kanisani. Tunapishana siku mbili."

Ana miaka 11. Nilikuwa sijamaliza hata kikombe cha chai tangu tufike, na tayari nilikuwa nimeonyeshwa hati za nyumba.

Tulikuwa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, nyumbani kwa wazazi wa mwenzangu wa kazini. Ilikuwa Juni, shule zimefungwa, na baridi ya Juni kule si ya mchezo: ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na mtu wa Dar es Salaam anajikuta amevaa kila kilichomo begini. Nilikuwa na mwanangu wa kiume, miaka 9. Sababu ya safari naieleza kwa aibu kidogo. Wiki chache kabla, mtoto huyu aliyekulia ghorofa ya tatu alisukuma sahani na kukataa mguu wa kuku kwa maelezo kwamba "unafanana na mguu". Nilipomsimulia mwenzangu alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akasema, mpeleke nyumbani kwetu, akamwone mwenye mguu.

Siku hizi yapo mashamba ya kutembelewa. Unalipa kiingilio, mtoto anapewa chupa ya maziwa amnyonyeshe mwanambuzi, anapigwa picha, ananawa mikono, mnaondoka. Nimeshawahi kwenda na sina ugomvi nayo. Lakini mnyama wa pale ni wa kila anayelipa, na akiugua usiku hakuna mtoto anayeamshwa.

Uru ni mambo mengine. Wachagga huita shamba la nyumbani kihamba, na mara nyingi kihamba hakifiki hekta 1, ila ukiingia unaweza kupotea. Juu ipo mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na mboga. Maji yanashuka kwa mifereji ya asili, mifongo, iliyochimbwa na watu waliokufa zamani. Katika msitu huo wa kupandwa, ng'ombe hana pa kwenda kuchungwa. Anakaa bandani na chakula kinamfuata: gwatemala, majani ya migomba, shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu likakatwakatwa kwa panga, nyasi zilizopandishwa kutoka tambarare. Naye analipa kwa samadi, inayorudi kwenye mashina ya migomba hiyohiyo. Kilimo cha vihamba cha Shimbwe Juu, hukohuko Uru, kilitambuliwa na FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mwenzangu alipompelekea mama yake habari hizo, Bibi alitaka kujua kitu kimoja tu: hao watu wa urithi watasaidia kubeba majani?

Maana ng'ombe asipotoka, lazima iwepo miguu inayotoka kwa niaba yake. Zamani ilikuwa miguu ya nyumba nzima. Sasa baba wa watoto anafanya biashara mjini Moshi na hurudi usiku, mama yao yuko sokoni siku tatu kwa wiki, Babu goti limegoma. Miguu iliyobaki ni sita: ya binti, ya mdogo wake wa kiume wa miaka 8, na ya kitindamimba wa miaka 5, ambaye kazi yake ni kuokota mayai. Kitindamimba huyo kila siku huripoti pungufu moja. Wote wanajua ni kwa nini, na wote wananyamaza, kwa kuwa kuna kuku mmoja mkali ambaye yai lake haliokotwi na mtu mwenye akili zake.

Nikiri kwamba nilipanda mlima na hotuba yangu tayari. Mimi ni mtu wa mjini, nimesoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, najua kwamba umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14 na kwamba kazi ya mtoto isimdhuru wala isimzuie kusoma. Jioni ya kwanza, nikijifanya nauliza tu, nikamwuliza Bibi kama majani hayawachoshi watoto. Bibi hakunijibu. Aliingia stoo akatoka na kamba tatu za katani. Moja ilikuwa ndefu kama mkanda wa kanzu. Ya pili fupi zaidi. Ya tatu ningeweza kuifunga kwenye kiganja changu na isibaki sana.

"Kila mtu na kamba yake," alisema. "Mzigo unaishia kamba inapoishia. Akikua, naikata nyingine."

Kitindamimba hubeba majani yanayotosha sungura mmoja, tena sungura asiye na njaa sana. Lakini anabeba. Hotuba yangu niliirudisha begini, ingawa sikuitupa. Nimeona kwingine watoto waliofungiwa kamba za watu wazima: wanaochunga ng'ombe wa wengine kwa ujira unaopokelewa na mzazi, wakiisikia kengele ya shule ikigongwa kwa mbali. Hilo halina jina lingine zuri, na wanaoliita malezi wanajidanganya. Nadhani nchi hii inaweza kuandika sheria nyingi kuhusu kazi za watoto na bado isifike mahali alipofika Bibi na kisu chake cha kukatia kamba.

Kulipokucha, saa kumi na moja na nusu, nilisikia ndoo. Pale mnyama hula kabla ya mtu. Si kanuni iliyobandikwa ukutani, ni kwamba huwezi kunywa uji kwa utulivu ng'ombe akilia. Babu alinisimulia kwamba yeye alizaliwa katika msonge wa nyasi, watu upande mmoja na mifugo upande wa pili, paa moja. Usiku walilala wakisikia ng'ombe anacheua. "Asipocheua, baba aliamka," alisema. Mnyama aliyeacha kucheua ni mgonjwa, na katika nyumba ile ukimya ndio uliokuwa kengele. Leo banda liko hatua kumi kutoka nyumba ya matofali, lakini nililiona dirisha la chumba cha watoto. Linatazama bandani.

Kulikuwa na ndama wa siku 6. Ng'ombe wa maziwa ndama wake hutengwa mapema. Hupewa dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, kisha hufundishwa kunywa kwenye ndoo. Kumfundisha ni kazi. Ndama kaumbwa kunyonya akiwa ameinua kichwa, na ndoo inamtaka akiinamishe. Basi unamtia vidole viwili kinywani, anavinyonya akidhani ni chuchu, nawe unashusha mkono taratibu mpaka ndani ya maziwa. Akishaonja, unachomoa vidole. Binti alimpa mwanangu kazi hiyo bila kumwuliza kama ataiweza.

Mwanangu alipiga ukelele. Hakuna anayekwambia kwamba ulimi wa ndama una mkwaruzo, wala kwamba anavuta kwa nguvu kama mtu anayetaka kukunyang'anya mkono. Ndama akapiga chafya, maziwa yakamrukia mwanangu usoni na kwenye viatu vyeupe ambavyo nilikuwa nimemkataza kuvaa. Mara ya pili vilevile. Mara ya nne ndama alibaki ndani ya ndoo, akinywa na kupuliza mapovu puani, na mwanangu akatulia tuli, vidole vikiwa mle ndani, uso umebadilika. Sikutia neno.

"Kesho tunamwondolea vidole," binti alisema. "Kesho asubuhi."

Usiku ule mtoto alilala na saa yangu ya mkononi, ameitega. Saa ililia, akaizima, akalala tena. Alipoamka jua lilikuwa limepanda, akakimbilia bandani, akakuta ndama anakunywa mwenyewe, hana habari naye. Akarudi kwangu machozi yakimlengalenga. Hawakuniamsha! Yule wa miaka 8 alikuwa anapita na majani yake kichwani. Akasema, pasipo ubaya wowote, "Mwenye njaa alikuwa ndama."

Mimi, mama yake, ningemwamsha. Nisingemwamsha tu, ningemzuilia ndama njaa mpaka mwanangu ajisikie vizuri. Ndivyo ninavyomlea mjini: basi la shule hupigiwa simu lisubiri, filamu husimamishwa aende kujisaidia, mwalimu huandikiwa ujumbe. Katika miaka yake 9 hajawahi kukutana na kitu ambacho hakikumsubiri. Sungura huzaa baada ya siku 31, yai huanguliwa siku ya 21, ng'ombe huchukua miezi tisa na siku kadhaa, na hakuna kati ya hao unayeweza kumwandikia ujumbe. Nilikaa kwenye kizingiti nikimtazama akisafisha viatu vyake kwa jani la mgomba, na sikwenda kumbembeleza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya ndama.

Hapa nieleze kitu ambacho sikukipanga kukieleza. Nilikulia Muheza. Nikiwa na miaka 8 nilipewa tembe, mweusi, kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Niliambiwa mbele ya watu, huyu ni wako. Nilimlisha pumba, nilimfungulia asubuhi, nilimfungia jioni. Alipokua alitaga, akaatamia mayai 11, akaangua 8, na kwa siku chache nilikuwa tajiri. Siku moja nilitoka shule nikakuta wageni wamefika kutoka Tanga mjini. Vifaranga wanalia uwanjani, mama yao hayupo. Mkubwa mmoja pale nyumbani aliniambia: kicheche.

Mtoto aliyekua pamoja na kuku anajua kicheche anaacha nini. Anaacha damu, na manyoya yaliyotawanyika, makavu. Nyuma ya jiko nilikuta manyoya meusi yamekusanywa pamoja, yamelowa, yameshikamana kama yanavyoshikamana yakimwagiwa maji ya moto. Sikusema kitu. Usiku ule, mimi mtoto wa kike wa miaka 8, nilitiliwa firigisi kwenye sahani yangu, heshima ambayo sikuwahi kupewa kabla. Nikaila.

Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliila. Kuku si hoja. Wageni lazima wale, na kwetu hapakuwa na buchari. Kama ningeulizwa ningelia, kisha ningekubali, na huenda ningejiona mtu mkubwa. Kilichoniuma, nadhani, ni kwamba ile "huyu ni wako" ilikuwa maneno ya kuchekesha watu wazima. Vifaranga walikua, wakapata wenyewe wengine, nami nikaacha kuwahesabu. Tangu hapo sijafuga kitu. Tunapenda kusema kwamba mifugo inamfundisha mtoto kuwajibika, na ni kweli kiasi. Lakini kabla ya mtoto kufundishwa chochote na mbuzi, mkubwa anapimwa na mbuzi huyohuyo. Tunampa mtoto mnyama kwa mdomo akiwa mdogo, hana bei. Mnyama akinona tunakumbuka ghafla kwamba mtoto hana mali.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, nilipoona Babu anajikokota na goti lake kuelekea banda la mbuzi, nilijua kinachokuja, na moyo wangu ulikwenda mbio kuliko ulivyostahili. Wageni tulikuwa sisi. Binti alikuwa anakatakata shina la mgomba. Babu aliigeuza ndoo, akaikalia.

"Mama," alimwita mjukuu wake, "tuna wageni. Nilikuwa namtazama Penseli."

Binti aliweka panga chini, akaenda ndani, akarudi na daftari. Alilifungua mbele ya uso wa Babu, kidole kwenye mstari. "Ana mimba, Babu. Miezi miwili imepita."

Babu alisoma, midomo ikimchezacheza. "Ahaa," akasema, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Akainuka, akaondoka.

Ni hivyo tu. Hapakuwa na hasira wala mahubiri, wala mkubwa kumkumbusha mdogo nani alimnunulia mbuzi wa kwanza. Nilimwomba binti anionyeshe kurasa za nyuma. Kwenye safu ya "Mambo" palikuwa na maandishi yake: Dume, Babu amekopa, Pasaka. Chini yake kwa kalamu nyingine: Amelipa jike 1. Na pembeni, sahihi ya Babu, ile ya wazee, yenye mikia mingi. Babu huyu alisomeshwa kwa kahawa, enzi za nguvu za KNCU, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, na anaheshimu karatasi yenye sahihi kuliko mahakama zetu zinavyoiheshimu.

Aliyechinjwa ni jogoo. Jogoo alikuwa wa Babu, kwa hiyo hakuhitaji ruhusa, lakini jina alipewa na yule wa miaka 8: Mkuu wa Shule, kwa kuwa huamka kabla ya wote na kumfokea kila mtu bila kuuliza. Babu alimwambia kijana mapema. Kijana akaomba amshike miguu. Babu ni Mkristo, sisi Waislamu. Alimwita jirani Mwislamu wa kule juu aje achinje ili tule pamoja, kama watu wengi wa nchi hii wanavyofanyiana bila kulitangaza. Kijana alimshika jogoo, macho ameyafumba, machozi yakimtoka. Hakuna aliyemwambia mwanamume halii. Mchana alikula bawa, akalimaliza.

Mwanangu aliwekewa mguu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Ni yule?"

"Ni yule," Bibi alisema, akampa na chumvi.

Hakuula. Nilitaka kusema kitu, Bibi akanikonyeza niache. Kitindamimba akanyoosha mkono, akauchukua, akautafuna na mifupa. Kwa hiyo kama mtu angeniuliza safari ilifaulu vipi kuhusu jambo lililotupeleka, jibu ni kwamba haikufaulu.

Siku ya mwisho mwanangu alikuja na shilingi 20,000 alizopewa na mjomba wake, akamwambia Bibi anataka kununua kuku. Alishamchagua: koo mwenye madoa meupe na meusi, ameshaanza kutaga. Nikamkumbusha tunakaa ghorofa ya tatu. Bibi akataja bei, 15,000, bila kupunguza hata shilingi, nikampenda kwa hilo. Kuhusu ghorofa, Babu alisema hilo limeshatatuliwa tangu kale.

Tangu zamani, alieleza, Mchagga mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Alimfugisha mwenzake, pengine kijiji kingine. Mfugaji alipata maziwa na samadi; mwenyewe alibaki na ng'ombe na uzao, na wakichinja, mfugaji ana fungu lake. Ugonjwa ukipita bonde hili, wa bonde lile wanapona. Na watu wawili wanabaki na sababu ya kutembeleana. Basi mtoto aandike.

Binti alipiga mstari mpya. Kuku wa madoa. Mwenye: akaandika jina la mwanangu. Wakajadiliana mbele yetu kwa uzito kama wazee wa ukoo. Mayai ya kula ni ya mfugaji. Vifaranga nusu kwa nusu. Chanjo ya kideri, lile tone la jicho la kila miezi mitatu, analipa mwenye kuku. Mwanangu akafikiri.

"Na akifa?"

Binti alimtazama Babu.

"Akifa unaambiwa," Babu alisema. "Zamani ng'ombe akifia kwa mwenzio, alikuja kwako na ngozi. Si kukudai wala kukulipa. Akuonyeshe tu."

Mwanangu akatia sahihi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutia sahihi. Aliandika jina lote, na shule anayosoma.

Tulirudi Dar es Salaam, ndoo na ndama vikawa hadithi za kwenye basi la shule. Mara moja moja alipiga simu kwa Bibi kuulizia kuku wake. Mwezi wa saba aliambiwa anaatamia. Kisha aliambiwa ameangua tisa, akatembea nyumba nzima akiligawa tisa kwa mbili.

Jioni ya tarehe 29 Agosti simu iliita nikiwa jikoni.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mama, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Penseli kazaa jana. Mapacha, jike na dume. Babu kanishinda kwa siku mbili." Nikacheka, nikampongeza. Kisha sauti yake ikashuka. "Shangazi, naomba kuongea na mwenye kuku."

"Kuna nini?"

"Kicheche."

Nilizima jiko. Nasema kweli, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba simwamini. Miaka zaidi ya thelathini, na neno lilelile, na nikayaona manyoya yaliyolowa. La pili lililonijia lilikuwa baya zaidi. Nikapiga hesabu: nimtumie Bibi 15,000, anunue mwingine wa madoa, mtoto hataona tofauti mpaka Desemba, na Desemba ni mbali. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, laini, ya mtu mzima, ikisema, "Usijali mama. Niambie mimi, nitamweleza polepole."

Kukawa na ukimya. Nilisikia kuku kwa mbali, na Bibi akikohoa.

"Samahani Shangazi," binti alisema. "Kuku si wa kwako."

Nikamwita mwanangu. Niliweka simu kwenye sauti kubwa, kisha nikaona hata hilo si haki yangu, nikaizima sauti, nikampa sikioni. Lakini jiko letu ni dogo na binti ana sauti ya mlimani. Nilimsikia akisema ni usiku wa juzi. Kwamba mlango wa banda la kuku alifunga yeye na hakuufunga vizuri, ni yeye, si mdogo wake. Kwamba vifaranga wamebaki watano, wako ndani kwenye boksi karibu na jiko la Bibi. Kwamba manyoya mawili ya mkia, yale ya madoa, ameyabandika kwenye daftari, kwenye "Mambo", na Desemba atayaona.

Mwanangu alikaa chini polepole, mgongo kwenye friji. Alilia bila sauti, simu bado ameikandamiza sikioni. Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Akapangusa pua kwa kiganja.

"Watano," akasema, "tunagawanaje?"